Anayevuka Malaba hajaacha shule

Mwanafunzi wa uzamifu anayeandika tasnifu ya elimu anapoomba nafasi katika semina, hutakiwa kuleta ikisiri, madhumuni, nadharia na mbinu za utafiti. Ni nadra kuulizwa swali la msingi: utamhoji nani, na kwa lugha gani? Kwa anayenuia kutafiti Busia au Malaba, swali hilo ndilo uti wa mgongo wa kazi nzima.

Hebu tuchukue 'kuacha shule', mada wanayoipenda sana waombaji. Hojaji huandikwa kwa Kiingereza, kisha hutafsiriwa harakaharaka: "Ni wanafunzi wangapi wameacha shule?" Mwalimu hufungua sajili, akawahesabu waliotoweka, akajaza pengo. Lakini mpakani mtoto anaweza kutoweka katika sajili ya Kenya akaonekana darasani Uganda. Wateso na Wasamia wanaishi pande zote mbili; mtoto ana nyanya huku na shangazi kule. Mzazi ukimuuliza, huenda asiseme mwanawe 'ameacha'. Atasema 'amevuka'. Tarakimu zikifika Nairobi, aliyevuka na aliyeacha ni mmoja, na dawa inayopendekezwa ni ya ugonjwa ambao mtoto huyo hana.

Hata 'kumaliza shule ya msingi' kuna utata. Uganda, msingi ni miaka 7. Kenya, chini ya mtaala wa umilisi, ni 6. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa rasmi Busia mwaka 2018 kilikusudiwa kurahisisha ukaguzi wa abiria na mizigo. Istilahi za elimu hakikuzigusa.

Ajabu ni kwamba eneo hili si maskini wa maneno. 'Bodaboda' inaaminika ilizaliwa papa hapa mpakani, waendesha baiskeli wakiwaita abiria wa kuvushwa. Leo neno hilo limeenea Afrika Mashariki nzima. Iweje basi mtafiti aje hapa na msamiati wake mkobani, aondoke bila kuokota hata neno moja?

Wapo watakaosema kwamba tasnifu za elimu huandikwa kwa Kiingereza, hivyo suala hili ni la idara za Kiswahili. La hasha! Tasnifu na iandikwe kwa Kiingereza, lakini ushahidi wake ulitamkwa kwa Kiteso, Kisamia au Kiswahili. Anayeisoma ana haki ya kujua nani alitafsiri, na nini kilipotea njiani.

Kwa hivyo, waandalizi wa semina waongeze ukurasa mmoja tu katika fomu ya maombi. Mwombaji ataje dhana tano kuu za utafiti wake, aonyeshe wenyeji wanazitajaje, na aeleze alivyoijaribu hojaji yake kwa wazazi wachache kabla ya kuituma shuleni. Asiyeweza kuujaza ukurasa huo bado hajawa tayari kwa semina. Akawasikilize wenyeji kwanza.