Mabingwa wa Mteremko

Anayetaka kuwaona mabingwa wa mteremko aende Kainam, wilayani Mbulu, mvua za kwanza zinapoanza. Kwa Wairaqw wa huko, udongo haubaki mlimani kwa bahati. Nyasi hukatuliwa na mizizi yake, zikapinduliwa na kufukiwa zioze. Matuta hukatisha mteremko ili maji yashuke polepole, na mifereji huyatoa yaliyozidi. Samadi hutoka zizini kwenda shambani, mwaka baada ya mwaka. Kazi hii haina siku ya kuzinduliwa wala kibao cha mfadhili.

Zamani ilielezwa kuwa ni kazi ya dhiki: kwamba Wairaqw walizingirwa na Wamasai, wakabanwa vilimani, ndipo wakalazimika kulima hivyo. Lowe Börjeson, mwanajiografia wa Sweden, aliyapinga maelezo hayo mwaka 2004. Aliona ardhi iliyojengwa kidogo kidogo, kwa kazi za kawaida za vizazi vingi. Naafikiana naye kwa moyo wote. Dhiki peke yake haimfundishi mtu mahali pa kupitisha mfereji. Linalofundisha ni kuyatazama maji yanavyokwenda, na kurudi kuyatazama tena.

Kusini ya Kainam upo Mlima Hanang, volkano iliyozimika yenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Asubuhi ya Jumapili, 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima huo ilimeguka. Mwamba dhaifu ulikuwa umeshiba maji. Tope, mawe na magogo vilishuka hadi Gendabi na mji wa Katesh, na watu zaidi ya 80 wakafa. Sitasema matuta yangeyazuia maporomoko yale. Yalianzia juu mno, kusikofika jembe. Ila jicho la mkulima lina kazi hata pale.

Jicho kama hilo lipo pia kule kwenye milima ya Alps, Ulaya: baadhi ya wanaoteleza kwenye theluji huchimba shimo kwanza, wakapapasa tabaka moja baada ya jingine kulitafuta lililo dhaifu. Wanajua kwamba mzigo mpya ukilala juu ya tabaka bovu, mteremko mzima unaweza kwenda. Mlima wa udongo nao una dalili zake: ufa mpya juu ya shamba, miti iliyoanza kuinama, chemchemi mahali palipokuwa pakavu, mto unaogeuka tope ghafla.

Halmashauri za Hanang na Mbulu ziwaite wazee wa Kainam wakae meza moja na wataalamu wa miamba, kabla ya vuli na si baada ya msiba. Nawe unayeishi chini ya mlima, ukiona mto umepungua ghafla na mvua bado inanyesha, jua huenda umezibwa huko juu. Usingoje tangazo. Chukua watoto, toka bondeni, panda pembeni mbali na njia ya maji.