Beji ya Sweta na Karatasi Iliyo Nyuma Yake

Ukitaka kumjua fundi wa kudarizi kwa mashine, usihangaike na simba au mwenge aliouweka kifuani mwa sweta. Geuza sweta ndani nje. Mbele panaweza kupendeza kwa sababu uzi wa poliesta hung'aa wenyewe, hata mikononi mwa fundi mbovu. Nyuma ndiko kunakoonyesha kama beji itafika muhula wa tatu ikiwa imenyooka, au itakuwa imejikunyata kabla ya likizo ya Aprili.

Nakuru, iliyopata hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, huvisha watu wa hali ya hewa mbalimbali. Shule za Molo na Njoro zinataka sweta zito la akriliki. Ukiteremka Marigat, mtoto anavaa shati jepesi. Mashamba ya maua ya Naivasha yanataka ovaroli na aprini zenye jina la kampuni mgongoni. Kazi hizi zote zaweza kupita kwenye mashine moja ndani ya wiki moja ya Januari, na hapo ndipo kosa kubwa hutokea: fundi hununua roli moja ya karatasi ya nyuma, ile ya bei ya chini, na kila nguo inatumia hiyo hiyo.

Karatasi hiyo ni nyuzi zilizobanwa pamoja bila kufumwa, na kazi yake ni kuzuia nguo isivutwe. Beji ya kawaida ya kifuani ina mishono 5,000 hadi 10,000, na kila mshono unavuta kitambaa kidogo. Ovaroli iliyofumwa imara hustahimili. Sweta, kwa kuwa limesukwa kwa vitanzi, hujikusanya: duara linageuka yai, na mstari wa pembeni unaachana na rangi uliyopaswa kuizunguka. Mteja atasema mashine ni mbovu, kumbe mashine haina hatia. Wenye kushona kofia za viua kule Lamu walilielewa jambo hili bila umeme. Sindano yao hupita kwenye kitambaa cha tabaka mbili.

Karatasi za nyuma ni za aina tatu. Ya kuchanika huondolewa kwa mkono kazi ikiisha, na inafaa nguo isiyovutika: ovaroli, kitenge, shati la kola ngumu. Ya kukatwa hubaki nyuma ya beji maisha yote ya nguo, na ndiyo ya sweta, fulana, na kofia za mavini, zile za kusukwa. Ya kuyeyuka huenda na maji; hiyo ni ya lesi na vitambaa vyepesi vinavyopitisha mwanga. Kuhusu sweta sina mjadala. Anayeweka ya kuchanika nyuma ya sweta kwa sababu inaondoka upesi ameokoa dakika mbili, na mzazi ndiye atakayezilipia.

Dukani, usinunue kwa kusikia jina. Inua kipande dhidi ya dirisha. Nyuzi zinapaswa kutapakaa sawasawa. Ukiona mawingu mazito hapa na mwanya pale, sindano nayo itakutana na mawingu hayo. Kisha vuta kwa mikono miwili, kwa urefu, kwa upana, na mshazari. Ya kukatwa iliyo bora haivutiki upande wowote. Za bei rahisi nyingi hukaza kwa urefu na kulegea kwa upana. Kama huna nyingine, weka tabaka mbili, moja ikiipita nyingine kama msalaba. Ya kuchanika nayo ichane: inapaswa kukatika safi pande zote bila kuacha ndevu ndefu, kwa maana ndevu hizo ndizo zinazong'oa mishono midogo ya herufi.

Uzito haudanganyi. Kata mita moja ya mraba, ikunje, iweke kwenye mizani ya jikoni. Kwa sweta natafuta gramu 70 hadi 85. Kwa shati na fulana nyepesi, gramu 50 zinatosha, la sivyo kifua cha mtoto kitasimama kama kadibodi. Beji ikijaa uzi kupita mishono 10,000, ongeza tabaka, au mwambie mchoraji wa beji apunguze msongamano wa mishono. Mara nyingi hilo la pili ndilo lenye busara, ingawa wachoraji hawapendi kuambiwa.

Kuna mtego mmoja. Tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, mifuko ya kitambaa kisichofumwa imeenea, na kipande chake kikikatwa hufanana mno na karatasi ya nyuma. Mifuko hiyo ni ya polipropilini. Pasi ya moto inaisinyaza na kuiyeyusha, na beji inakwenda nayo. Choma ncha nje, juu ya beseni la maji. Polipropilini huyeyuka na kunuka kama mshumaa. Karatasi ya nyuma ikiwa ya viskosi huwaka kama karatasi ya kawaida na kuacha majivu laini. Ikiwa ya poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Gamstei, ile ya kubandika kwa pasi kwenye kola, watu wengi huifanya mbadala. Sikubaliani nao. Inasaidia kuishika fulana nyembamba isiteleze, lakini peke yake haibebi mishono elfu nane. Mahali pake pazuri zaidi ni mwisho wa kazi: kipande laini kikibandikwa juu ya mishono ya nyuma, ngozi ya mtoto haikwaruzwi.

Juu ya sweta, blanketi la flisi au taulo, tandaza filamu nyembamba inayoyeyuka majini ili herufi zisizame kwenye manyoya. Filamu hii inafuata hewa. Ukavu wa Januari na Februari Nakuru huifanya ivunjikevunjike. Mombasa hulegea kwa unyevu. Ihifadhi kwenye mfuko uliofungwa. Mabaki usiyatupe: yalowanishe kidogo, yafanye kidonge, uguse nayo vipande vilivyobanwa kati ya herufi, vitanata na kutoka.

Kwenye fremu, nguo na karatasi zikazwe pamoja, na karatasi itokeze pande zote nne. Sweta lisinyooshwe. Likiingia likiwa limevutwa, litarudi umbo lake ukilitoa, na beji itabaki na makunyanzi ambayo pasi haiwezi kuyatoa. Wakati wa kupunguza, acha milimita 5 hadi 10 kuzunguka beji na uziviringe pembe. Ukiona mkasi umefika kwenye mshono wenyewe, hiyo ni kazi ya haraka, na sehemu hiyo itafumuka.

Mwalimu au mzazi unayesimamia oda ya shule: kabla hujalipa nusu ya fedha, dai sampuli moja iliyodariziwa kwenye sweta lenyewe, si kwenye kipande cha kitambaa, uifue nyumbani mara tatu kama mnavyofua siku zote. Fundi akikataa, tafuta mwingine.