Yamaha ya Adeer

Kabla Boxer za kutoka India hazijajaa barabarani, pikipiki iliyoheshimiwa Kaskazini Mashariki mwa Kenya ilikuwa Yamaha DT. Maafisa wa mifugo na watu wa mashirika waliipanda kwenda visimani ambako gari lingekwama. Zilipochoka, ziliegemezwa ukutani zikaachiwa kuku. Mojawapo iko Lafey, uani kwa adeer yangu, yaani ami yangu, mwalimu mstaafu ambaye hajawahi kufanya kazi gereji hata siku moja. Anaifufua kwa kupenda tu.

Huko kupenda ndiko kunakomtofautisha. Fundi wa kando ya barabara husimamiwa na mteja ambaye pikipiki isipotembea leo, nyumbani hawali. Skrubu ikikataa, huipiga patasi, na itakavyokuwa na iwe. Simlaumu. Adeer hana mteja, kwa hiyo ana uwezo ambao fundi yule hana: kukataa kuendelea.

Injini ilikuwa imekwama kwa kutu. Alitoa plagi, akamimina dizeli iliyochanganywa na oili ndani ya silinda, akaiacha. Kila alfajiri baada ya swala aliingiza gia ya juu na kulitikisa gurudumu la nyuma kidogo, mbele na nyuma. Ilipolegea hakuipiga kiki. Aliifungua.

Kufungua kwenyewe ni darasa. Skrubu za kifuniko cha klachi hazilingani urefu, na ukitia ndefu mahali pa fupi unapasua alumini. Basi alichora umbo la kifuniko kwenye katoni, akatoboa matundu, na kila skrubu ikakaa kwenye tundu lake. Ile iliyong'ang'ana aliigonga kwanza, bisibisi ikiwa kichwani mwake, ili kutu iachie. Alipovua silinda aliziba mdomo wa injini kwa kitambaa safi, maana klipu ya pini ya pistoni ikiponyoka na kuangukia kwenye kranki, kazi ya saa moja inageuka ya wiki. Upepo wa mchanga ukianza, hufunika kila kitu kwa shuka na kwenda kunywa chai.

Ringi mpya zilikuja kwa basi kutoka Nairobi, zikapita Garissa, Wajir na Elwak. Mwingine angezivalisha papo hapo. Yeye aliiweka ringi moja ndani ya silinda bila pistoni, akaisukuma kwa kichwa cha pistoni hadi ikakaa sawasawa, kisha akapima mwanya kati ya ncha zake. Mwanya ukiwa mdogo mno, ringi ikipata joto hutanuka, ncha zikagongana na silinda ikachubuka. Ukizidi, mgandamizo unavuja.

Injini hii ni ya mipigo miwili. Haina vali kichwani. Silinda yenyewe ina madirisha ya kupitishia mchanganyiko na moshi, na ringi hupita juu yake. Ndiyo sababu kila mfereji wa pistoni una kipini cha kuizuia ringi isizunguke. Ncha ikitokea dirishani, hunasa na kuvunjika. Alinionyesha kwa ncha ya sindano.

"Kaone haka, kadogo kuliko punje ya mtama. Ukikasahau, umechinja injini."

Nilipiga magoti nikakaona kwa shida. Ni kweli: kazi yote ile ya majuma ilitegemea kitu ambacho ungeweza kukipangusa na vumbi.

Iliwaka. Kijana wa boda wa jirani akashangilia, akaomba aijaribu hadi Elwak. Adeer aliiendesha hatua chache, akaizima, akatoa plagi. Nyeupe. Plagi ya injini yenye afya hutoka na rangi ya kahawia. Weupe ni dalili kwamba hewa imezidi petroli, na joto la namna hiyo huyeyusha pistoni. Alikagua kabureta, akaikunja raba inayoiunganisha na silinda. Haikuwa na ufa. Zilibaki sili za kranki, ambako hewa pia huweza kupenya.

"Miaka yote hii juani, raba gani itabaki?"

Alifungua upande wa magneto, akaisugua sili kwa kidole chenye mate hadi namba zikasomeka, akazisoma kwa simu kwa muuza vipuri Nairobi, mara mbili. Kijana wa boda akauliza kama anaweza angalau kufika nayo dukani. Adeer akatia ufunguo mfukoni.