Miungu ya Mika Mnadani: Uhakiki wa Orodha za Malikale za Afrika

Utangulizi

Kila mwaka katika miji ya Paris, London, New York na Brussels, nyumba za mnada hutoa vitabu vikubwa vya picha, vilivyopigwa chapa kwa uangalifu mwingi, vinavyoonyesha vinyago, viti vya watawala, ngoma, sanamu za wahenga na vyombo vya waganga kutoka Afrika. Nyumba mashuhuri kuliko zote katika kazi hiyo ni Sotheby's, iliyoanzishwa London mwaka 1744, na Christie's, iliyoanzishwa huko huko mwaka 1766. Vitabu hivyo huitwa katalogi, nasi hapa tutaviita orodha za mnada. Ni maandishi yenye kanuni zake, mitindo yake na ukimya wake. Kwa hiyo yanaweza kuhakikiwa kama maandishi mengine yoyote.

Huenda msomaji akauliza: mtumishi wa Neno aliyeko Mandewa, katika mji wa Singida, ana shughuli gani na mambo ya matajiri wa Paris? Jibu letu ni kwamba vitu vingi katika orodha hizo vilikuwa vya ibada, na viliwaponyoka wenyewe katika zama zile zile ambazo Injili ilikuwa ikihubiriwa kwao. Mahubiri yetu yalisema kwamba vitu hivyo si kitu. Soko nalo lilisema kwamba ni mali. Mwenye kitu akabaki katikati, mikono mitupu. Katika makala haya tunadai jambo moja: kwamba amri ya saba humlinda jirani hata katika kile anachokiabudu isivyo haki, na kwamba kanisa lisilolisema hilo wazi hulisaidia soko bila kujua.

Namna orodha inavyosema

Tukifungua orodha yoyote ya namna hii, twakuta mpangilio ule ule. Kwanza huja jina la kabila na la nchi, kisha aina ya mti na urefu kwa sentimita. Baada ya hayo hufuata mnyororo wa umiliki: fulani alikipata mwaka fulani, akakirithi fulani, akakinunua fulani. Mwisho hutajwa maonyesho ambamo kitu kilipata kuonekana, na makadirio ya bei.

Mnyororo huo ndio kiini cha maandishi, kwa maana kila jina kubwa huongeza bei. Sanamu ya Wabangwa wa Kamerun, ijulikanayo Ulaya kwa jina la Malkia wa Bangwa, yatupa mfano ulio wazi. Ilichukuliwa mwishoni mwa karne ya kumi na tisa na Gustav Conrau, wakala wa Kijerumani. Baadaye ikawa mali ya Helena Rubinstein, tajiri wa biashara ya vipodozi. Mwaka 1966, baada ya kifo chake, iliuzwa mnadani New York kwa dola 29,000. Mwaka 1990 ikauzwa tena kwa dola milioni 3.4. Wamiliki wa Ulaya na Marekani wanajulikana kwa majina. Lakini pale mnyororo unapoanzia, ambapo tungetazamia jina la mwenye kitu, twakuta jina la mchukuaji. Kwa lugha ya orodha, historia ya kitu huanza siku kilipotoka nyumbani.

Lipo jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Wanunuzi hawataki kinyago kilichochongwa ili kiuzwe. Wanataka kile kilichochezwa, kilichopakwa mafuta, kilichong'azwa na jasho la mikono ya vizazi. Orodha husifu alama hizo kwa maneno mazuri, kwa sababu ndizo zithibitishazo kwamba kitu ni cha kweli. Maana yake ni nini? Ni kwamba soko hulipa bei ya juu kabisa kwa kitu ambacho mwenyewe hakukitengeneza kwa ajili ya soko. Mchongaji wa Mwenge, Dar es Salaam, auzapo kazi ya mikono yake, hauzi isipokuwa kilicho chake. Bali kitu kilichowekwa wakfu kwa ajili ya ukoo ni kama shamba la mizabibu la Nabothi katika 1 Wafalme 21: bei nzuri haikuwa jibu, kwa sababu swali halikuwa la bei. Hivyo kila orodha ya mnada, kwa sifa zake yenyewe, hutulazimisha kuuliza ni nani aliyekubali kitu hicho kiondoke.

Kesi ya Montpellier

Kwamba swali hilo laweza kukwepwa hata mahakamani, tuliliona nchini Ufaransa. Mnamo Septemba 2021 wazee wawili, mume na mke, walimwuzia mfanyabiashara wa vitu vikuukuu kinyago kwa euro 150. Kilikuwa kinyago cha Ngil cha Wafang wa Gabon, kilichopelekwa Ufaransa na mzee wa ukoo wa yule mume, aliyekuwa gavana wa kikoloni, ambaye alikipata yapata mwaka 1917. Tarehe 26 Machi 2022 kiliuzwa mnadani katika mji wa Montpellier kwa euro milioni 4.2. Wagabon waishio Ufaransa walisimama ukumbini wakapaza sauti kupinga, mnada uliendelea.

Wale wazee walikwenda mahakamani wakidai kwamba walipunjwa, na serikali ya Gabon ikaingia katika shauri ikidai kinyago chenyewe. Desemba 2023 mahakama ya Alès ilikataa madai yote. Tuangalie vema kilichotokea. Wauzaji na mnunuzi waligombania tofauti kati ya euro 150 na milioni 4.2, na jambo hilo lilionekana kuwa hoja kubwa ya haki. Lakini kama ni dhuluma kumpa mzee wa Kifaransa euro 150 kwa kitu cha mamilioni, basi je, gavana aliwapa nini Wafang, watu waliokuwa chini ya amri yake na bunduki zake? Upunjaji wa kwanza ndio uliokuwa mkubwa, nao haukupata nafasi.

Karibu na nyumbani

Tusidhani kwamba haya ni mambo ya Afrika Magharibi tu, wala ya wakoloni peke yao. Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, yalivunjwa, na miongoni mwa vitu vilivyoibwa kulikuwa na lipiko, kinyago cha Wamakonde kivaliwacho katika ngoma ya mapiko. Mwaka uliofuata makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva yalikinunua huko Paris. Mwaka 1990 mtaalamu wa Kiitalia alikitambua akatoa habari. Hata hivyo ilipita miaka ishirini ya mazungumzo, na mwaka 2006 Tanzania ilipeleka dai lake mbele ya kamati ya UNESCO, kabla mapatano hayajatiwa sahihi tarehe 10 Mei 2010 na kinyago kurudishwa. Hata katika mapatano hayo, urejeshaji uliitwa zawadi.

Kwa jirani zetu wa Kenya twaona mfano unaogusa moyo zaidi. Wamijikenda wa pwani husimamisha vigango, nguzo za mbao zilizochongwa, kwa ukumbusho wa wazee wa chama cha Gohu waliofariki. Kigango kikishasimikwa hakihamishwi. Ukoo ukihamia kwingine, chenyewe hubaki pale pale. Wafanyabiashara waliviona vikisimama peke yao porini wakasema vimetupwa. Vigango viwili vya mzee mmoja viliibwa mwaka 1985, muda mfupi baada ya mtafiti kuvipiga picha. Baadaye vilitambuliwa katika makumbusho mawili ya Marekani, na kwa juhudi za watafiti na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kimojawapo kikarudi kwa ukoo wake mwaka 2007. Makumbusho ya Denver nayo, yaliyopewa vigango 30 mwaka 1990, yalivirudisha Kenya mwaka 2019.

Hapa ndipo penye fundisho. Kilichoitwa kutupwa kilikuwa utii. Wenyewe waliviacha kwa sababu walivicha, na heshima yao ikageuzwa kuwa ushahidi dhidi yao.

Mika na kuhani wake

Tunaijua hoja ambayo wengi wetu tungeitoa. Mtume Paulo afundisha katika 1 Wakorintho 8 kwamba sanamu si kitu. Basi kwa nini Mkristo alie kwa ajili ya sanamu iliyochukuliwa? Lakini hoja ya Paulo katika sura hiyo ni kumlinda ndugu aliye dhaifu, wala haimpi mwenye nguvu ruhusa ya kutwaa.

Maandiko yanayotuhusu zaidi yako katika Waamuzi 17 na 18. Mika alijifanyia sanamu, naivera na vinyago, akaajiri Mlawi awe kuhani wake. Mwandishi wa kitabu haifichi kasoro ya ibada hiyo. Hata fedha ya sanamu ilikuwa imeibwa kwanza kwa mama yake Mika. Ndipo wakaja Wadani, watu mia sita wenye silaha, wakavichukua vyote. Mika alipowafuata akilia kwamba wamemnyang'anya miungu aliyoitengeneza, walimtishia uhai. Msomaji wa haraka hucheka: ni miungu gani hiyo iibwayo? Lakini mwandishi hawasifu Wadani kwa kumwondolea Mika sanamu, wala sanamu haikukoma. Waliisimamisha katika mji wao wenyewe. Ibada ya sanamu ilibaki, na unyang'anyi ukaongezwa juu yake.

Na kuhani je? Kwanza aliuliza wanafanya nini. Wakamwambia anyamaze, wakampa cheo kikubwa zaidi, naye moyo wake ukafurahi, akavibeba vile vitu mwenyewe. Hatujui maandiko mengine yanayomwonya mtumishi wa dini kwa ukali kama haya katika jambo hili. Mashirika ya misheni ya Ulaya yalikuwa na makusanyo yao ya vitu vya ibada za Afrika. Ule wa Misheni ya Basel sasa ni sehemu ya makumbusho ya mji huo. Vingine vilitolewa kwa hiari na waongofu, vingine vilinunuliwa, na vingine vilichukuliwa mahali ambapo kukataa kulikuwa kugumu. Tofauti hizo ni kubwa mbele za Mungu, na orodha isiyozionyesha huzifuta. Tukumbuke kwamba waamini wa Efeso, katika Matendo 19, walipohesabu thamani ya vitabu vyao vya uganga walipata vipande hamsini elfu vya fedha, nao wakaviteketeza wenyewe mbele ya watu. Hawakuvikabidhi kwa Paulo ili apate nauli.

Hoja ya wapinzani

Yatupasa kuwatendea haki wanaopinga. Wanasema kwamba vitu hivi vingebaki Afrika vingeliwa na mchwa, vingechomwa na waongofu wenye bidii, au vingeibwa katika makumbusho dhaifu. Na lipiko letu liliibwa Dar es Salaam, si Geneva. Hoja hii ina uzito. Lakini aliyeokoa nguo ya jirani katika moto hupaswa kuirudisha asubuhi. Wokovu haugeuzi umiliki. Tena wezi wa mwaka 1984 wasingekuwa na haja na kinyago kama pasingekuwapo mnunuzi ng'ambo.

Wengine hushika Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1977, wakidai kwamba kilichotoka kabla ya 1970 ni halali. Mwaka huo ni mpaka uliowekwa na mataifa kwa sababu za utekelezaji. Hauwezi kufanywa ondoleo la dhambi. Juni 2020 Christie's iliuza mjini Paris sanamu mbili za Waigbo kwa euro 212,500, ingawa tume ya makumbusho ya Nigeria ilipinga, na ingawa wapinzani walidai kwamba zilitoka nchini wakati wa vita vya Biafra vya 1967 hadi 1970. Luther, anapoieleza amri ya saba katika Katekisimu Kubwa, huihesabu pia hila ya sokoni kuwa wizi, hata ifanyikapo kwa utaratibu na heshima.

Hitimisho

Ezra 1 inatupa orodha ya namna nyingine. Koreshi aliwarudishia Wayahudi vyombo vya hekalu, na Mithredathi mtunza hazina akavihesabu mbele ya Sheshbaza: sahani, visu, mabakuli, jumla 5,400. Wanafunzi wanajua kwamba hesabu ya vipengele haifikii jumla hiyo, na wafasiri wamelijadili sana jambo hili. Lakini nia ya orodha haina utata: vitu vimeandikwa ili vimfikie mwenyewe.

Katika sharika zetu za Singida, miongoni mwa Wanyaturu, Wanyiramba na Wanyisanzu, bado hutokea mwongofu akamletea mchungaji kiti cha babu, ngoma ya ukoo au vifaa vya mganga. Sheria ya Malikale ya mwaka 1964 hutenga vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na pia vitu vya matumizi ya kijamii na kiutamaduni vya baadaye visivyochongwa kwa ajili ya biashara, na huzuia kuvitoa nchini bila kibali. Mchungaji asiviuze, wala asimpe mgeni kama zawadi ya kuagana. Aulize kwanza kama aletaye ndiye mwenye mamlaka, au ni mali ya ukoo mzima ambao haujasema neno. Aandike jina la mwenye kitu, kazi yake, tarehe na sababu ya kukitoa, na ikibidi ashauriane na Idara ya Malikale au Makumbusho ya Taifa. Mwongofu akiamua kukiteketeza kilicho chake peke yake, huo ni uhuru wake mbele za Mungu. Lakini kisipite mikononi mwa kuhani kwenda kwa Wadani.