Vigingi vya Mita 60 Havitauokoa Mto Simiyu

Kuulinda Mto Simiyu kwa kupima mita 60 kutoka ukingoni, kusimika vigingi na kuhesabu kwamba kazi imekwisha ni uamuzi mbovu. Vigingi vyenyewe tumeviona. Tangazo la mkutano wa kijiji nalo tumelisikia: kuanzia hapa kwenda mtoni hakuna kulima, hakuna kujenga. Watu wakaitikia kwa adabu, wakatawanyika. Mvua za Novemba zilipoanza, udongo uleule ukashuka mtoni kwa njia zilezile.

Wanaosimamia kazi hii wana sheria mkononi. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya 2004, kinazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, mwambao wa ziwa, ukingo wa mto na kingo za bwawa. Isomeni orodha hiyo polepole. Bahari ya Hindi pale Bagamoyo, Ziwa Tanganyika, Mto Rufiji na huu Simiyu wetu unaokauka kila kiangazi, vyote vimepewa kipimo kimoja. Majirani walijaribu kutofautisha. Kenya inapima kati ya mita 6 na 30 kila upande kulingana na upana wa mto. Uganda katika kanuni zake za mwaka 2000 iliitenga mito mikubwa kwa majina na kuipa mita 100, iliyobaki ikapewa 30. Hata hivyo, kama kiwango cha chini cha nchi nzima, sina ugomvi na mita 60. Ugomvi wangu ni na wale waliokichukua kiwango cha chini wakakifanya mpango mzima wa kidakio, yaani eneo lote linaloleta maji mtoni.

Simiyu ni mto wa mchanga. Unaanzia upande wa mashariki, kwenye tambarare za Serengeti na Pori la Akiba Maswa, unakatiza nchi ya wakulima wa pamba na wafugaji, unakutana na Duma, kisha unaingia Ghuba ya Speke pale Magu. Kidakio chake kina kama kilomita za mraba 11,000. Kiangazi kikikolea mto hukauka juu, maji yakabaki chini ya mchanga, na akina mama hufukua visima wakateka kwa bakuli. Mvua kubwa ya alasiri moja hujaza mto ghafla, na baada ya siku moja au mbili unakuta umeshuka tena. Mto wa namna hii hauharibiwi ukingoni. Unaharibiwa kule maji yanakoanzia safari.

Msukuma anaisoma ardhi yake kwa ngazi. Juu kuna mawe. Chini ya mawe kuna luseni, kichanga chepesi ambacho jembe la ng'ombe halisumbuki nacho. Ukiendelea kushuka unakuta itogolo, ngumu, maji hayapenyi, na chini kabisa mbuga nyeusi inayopasuka kiangazi na kunata masika. Pamba inaanza kupandwa katikati ya Novemba. Kabla ya hapo kanuni ya zao inataka masalia yang'olewe na kuchomwa ili kukata mzunguko wa funza wa vitumba, na sababu yake ni ya msingi kabisa. Matokeo yake ni kwamba mvua nzito za mwanzo zinaikuta luseni iko uchi, imetifuliwa, na mara nyingi mistari ya jembe imeelekea bondeni. Maji yakishuka hadi kwenye itogolo hayana pa kuzama. Yanakusanyika, yanatafuta njia ya ng'ombe, yanaichimba, na misimu michache baadaye njia ya ng'ombe imekuwa korongo.

Hapa ndipo mita 60 zinaposhindwa, na sababu ni ya kiufundi kabisa. Ukanda wa majani ukingoni unachuja maji yanayofika yametawanyika, membamba, yakitambaa. Yakigonga majani yanapungua kasi na kuacha udongo. Maji yaliyokwisha kukusanyika ndani ya korongo hayaguswi na jani hata moja, kwa sababu yanapita chini ya usawa wa majani. Ongeza ukanda uwe mita 100, uwe 200, korongo litaukata vilevile.

Masika yaliyopita nilikichunguza kigingi kimoja kwa karibu, mkono wa Bariadi. Kilikuwa kizima, kimepakwa rangi, maandishi yanasomeka. Hatua chache pembeni mwake palipita korongo lenye kina cha kumzidi mtu mzima. Nililifuata kwenda juu. Lilikuwa limeanza kwenye njia ya ng'ombe karibu na mawe, limekatiza shamba la pamba katikati, limepokea vijikorongo vitatu kutoka kwa majirani, limeingia ndani ya hifadhi na kuzipita mita zote 60 hadi mtoni. Mdomoni lilikuwa limemwaga mchanga mwingi hata mkondo wa mto umesukumwa kwenda ukingo wa pili, na ukingo huo sasa ulikuwa unamomonyoka. Majani ya hifadhi yalikuwa marefu na mabichi, pande zote mbili za korongo, na hayakuwa yamezuia chochote. Mzee mwenye shamba la jirani aliniona nikipima kwa hatua. Nilimwamkia, nikamuuliza kama walioweka kigingi walipanda hadi huku juu. Akasema, "Ng'wanawane (mwanangu), hao walikuja na kamba, wakapima kutoka mtoni, wakamaliza. Huku juu hawakufika."

Sentensi hiyo ndiyo tathmini ya kazi nzima. Timu iliyotumwa kulinda kidakio haikupanda kilima.

Tuangalie na hesabu. Tuseme tunalinda kilomita 1,000 za mito na vijito ndani ya kidakio hiki, kila upande mita 60. Tutapata kilomita za mraba 120, yaani kama asilimia moja ya eneo lote. Asilimia 99 iliyobaki, yenye luseni, njia za ng'ombe na makorongo, kigingi hakina neno nayo. Sasa geukeni upande wa mkulima. Familia yenye kipande kinachopakana na mto kwa mita 70 inapoteza mita za mraba 4,200, zaidi kidogo ya ekari moja, na ekari hiyo ndiyo yenye unyevu Agosti, ndiyo yenye viazi na mboga za watoto. Mwenye ekari 20 za pamba juu ya kilima, ambazo mistari yake inaelekea bondeni, hakuulizwa swali. Tumemtoza aliye karibu na mto kwa kosa linalofanyika mbali na mto, kisha tunashangaa vigingi kung'olewa usiku.

Kwa haki niseme pia kwamba kuziweka jumuiya za watumia maji na kamati za vidakio chini ya bodi za mabonde, kama Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 ilivyotaka, ni kazi nzuri.

Na sheria hiyo hiyo inaruhusu eneo la chanzo cha maji litangazwe kuwa la hifadhi, bila kufungwa na kamba ya mita 60. Chombo kipo. Walioamua walikuwa na sheria mbili mezani, moja inatazama ukingo na nyingine inatazama kidakio, wakachagua ile iliyo rahisi kupima na kupigia picha.

Wazee wa HASHI wasingefanya hivi. Najua kuna wasomaji waliochoka kunisikia nikiwataja, lakini kila jambo la ardhi katika nchi hii ya Usukuma linanirudisha kwao. Hifadhi Ardhi Shinyanga ilianza mwaka 1986, wakati maeneo ya Bariadi, Maswa na Meatu yangali ndani ya Mkoa wa Shinyanga, miaka 26 kabla Simiyu haijawa mkoa. Miaka ya mwanzo nao waliteleza, wakasambaza miche ya kigeni kutoka vitalu vya serikali na wananchi hawakuvutiwa. Kisha wakafanya jambo ambalo mabwana wa vigingi hawajalifanya: wakauliza watu wenyewe walikuwa wanahifadhije. Jibu lilikuwa ngitili, eneo la malisho linalofungwa wakati wa masika na kufunguliwa kiangazi nyasi zinapokwisha kwingine. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana rasmi zilikuwa kama hekta 600 tu. Mradi ulipofungwa mwaka 2004 zilikadiriwa kati ya hekta 300,000 na 500,000, katika vijiji 833, na miti ya asili ilikuwa imerudi yenyewe kutoka kwenye visiki na mizizi. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa.

Kwa jicho la maji, uzuri wa ngitili ni mahali ilipo. Inaweza kukaa juu, penye mteremko, penye mawe na itogolo, pale maji yanapoanza kukusanyika. Kuanzia Novemba, katika miezi ile ambayo shamba la pamba liko uchi, ngitili ndiyo inafungwa na kuota. Mvua inakuta majani, inapungua kasi, inazama. Na mlinzi wake hakuwa karatasi. Dagashida, baraza la jadi la wananchi, ilikaa, ikaweka sharti, sungusungu, walinzi wa kijiji, wakalisimamia, na aliyeingiza ng'ombe alilipa faini mbele ya watu anaowafahamu. Linganisheni na kigingi ambacho mwanakijiji hajui hata nani wa kumpigia simu kikianguka.

Nikishafika hapo siwezi kuacha malambo. Lambo linachimbwa kwa fedha nyingi, linafunguliwa kwa hotuba, na juu yake hakuna ukanda wa majani wala kizuizi cha mchanga. Mbauti, birika la kunyweshea ng'ombe, haijengwi, ng'ombe wanaingia majini moja kwa moja, kingo zinavurugwa, na baada ya misimu michache lambo ni uwanja wa tope. Halafu linakuja ombi la fedha za kuchimba lingine. Kosa ni lilelile la kutibu mahali maji yanapofikia na kuacha yanapotoka.

Tabia ya kuamuru nchi hii kwa kipimo cha ofisini ina mizizi mirefu. Miaka ya 1920, chini ya Swynnerton, afisa wa serikali ya kikoloni, na vita vyake dhidi ya mbung'o, wananchi wa Shinyanga walikusanywa kufyeka vichaka kwa eneo kubwa sana. Mbung'o walirudi nyuma, ni kweli. Ng'ombe wakaongezeka, pamba ikafuata, na hakuna aliyepanga kilima kilichofyekwa kitashikwa na nini mvua ikinyesha. Makorongo tunayoyaruka leo tukienda shambani yana sehemu ya asili yake pale.

Kuna sababu nyingine ya kutokuwa na subira. Mradi mkubwa wa maji wa Simiyu, ambao Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliuidhinishia euro milioni 102.7 mwaka 2017, umekusudiwa kuvuta maji ya Ziwa Victoria kupitia Busega na kuyapandisha kuelekea Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu. Watu wanayahitaji maji hayo na yaje haraka. Lakini Busega iko Ghuba ya Speke, na Mto Simiyu unamwaga udongo na mbolea ya mashamba yetu katika ghuba hiyohiyo, pale Magu. Kila tani ya luseni tunayoiachia ishuke inaingia katika maji ambayo baadaye tutalipia umeme kuyasukuma na dawa kuyasafisha.

Nitaambiwa kwamba ngitili hazirudi, watu wamekuwa wengi. Hoja hiyo ina uzito. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,584,157 katika mkoa huu, ya 2022 ikahesabu 2,140,497. Ngitili za familia zimegawanywa kwa warithi, nyingine zimekodishwa, nyingine zimelimwa. Sidai kila kilima kifungwe. Nadai yale maeneo machache ambako makorongo yanaanzia, ambayo kila kijiji kinaweza kuyaonyesha kwa kidole, yafungwe kwanza. Vichwa vya makorongo vizibwe kwa mawe na matete. Njia za ng'ombe zihamishwe kutoka mteremkoni kwa makubaliano ya wafugaji wenyewe. Mistari ya jembe ikate mteremko, na bwana shamba apimwe kwa hilo kama anavyopimwa kwa kilo za pamba. Halafu mwenye ekari moja ya mtoni aachiwe alime mboga zake kwa masharti, kwa kuwa kifungu hichohicho cha 57 kinamruhusu Waziri kutoa miongozo ya shughuli ndani ya mita 60.

Upimaji unaofuata, wa Duma au wa kijito chochote kinachoingia Simiyu, uanzie kwenye mawe. Timu ipande asubuhi na wazee wa kijiji na viongozi wa sungusungu, iandike kila korongo linapoanzia na ni shamba la nani, na kamba ya mita 60 ibaki ndani ya gari hadi orodha hiyo isomwe mkutanoni na wenye mashamba ya juu waseme watafanya nini kabla ya Novemba.