Riwaya ya Upelelezi na Kipimo cha Uandishi Bora

Katika mashindano ya kuandika hadithi yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau mwaka 1957/58, nafasi ya kwanza ilichukuliwa na hadithi ya upelelezi: Mzimu wa Watu wa Kale, ya Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Kitabu hicho kilipigwa chapa mwaka 1960, na Bwana Msa, mpelelezi wake mvuta kiko, akaingia vinywani mwa wasomaji wa Afrika ya Mashariki. Tangu hapo pamekuwapo swali ambalo uhakiki wa Kiswahili haujalijibu kwa kuridhisha. Je, kazi iliyotungwa ili msomaji afurahi, ashikwe na hamu, wala asiweke kitabu chini mpaka akimalize, yaweza kuhesabiwa kuwa uandishi bora? Au burudani ni upungufu ambao mwandishi husamehewa tu akiwa na mafundisho ya kutosha kuufidia?

Jibu lililozoeleka ni kuzigawa riwaya katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la riwaya dhati, zenye falsafa, siasa au maadili. La pili ni la riwaya pendwa, zenye mauaji, mapenzi na ujasusi. La kwanza huingizwa madarasani, la pili huachiwa vibanda vya magazeti. Mgawanyo huu una faida ya kurahisisha kazi ya mhakiki, kwani humwezesha kutoa hukumu kabla ya kusoma. Lakini ukipimwa kwa historia ya fasihi yenyewe ya Kiswahili hausimami imara.

Utendi wa Tambuka, unaohesabiwa kuwa wa mwaka 1728, ni kisa cha vita, safari na ushujaa, nao ulitungwa kwa ajili ya sikio la hadhira iliyokusanyika kusikiliza. Visa vya Fumo Liyongo vimedumu kwa sababu vinasisimua: kuna kifungo, hila, usaliti na kifo cha ajabu. Hata Shaaban Robert, ambaye hutajwa kila panapotakiwa mfano wa mwandishi wa maadili, katika Adili na Nduguze (1952) aliuegemeza wema wa Adili juu ya kioja cha ndugu waliogeuzwa manyani, kisa chenye asili yake katika Alfu Lela Ulela. Msomaji huvutwa kwanza na kioja, na fundisho humfikia akiwa amekwisha kutekwa. Kwa hiyo burudani haikuingia katika fasihi hii pamoja na vitabu vya bei rahisi. Ilikuwamo tangu awali, nayo ilikuwa sehemu ya ufundi.

Wako wanaokubali hayo lakini wakashikilia kwamba kinachopambanua kazi bora ni uzito wa maudhui. Hoja hii inafaa kupimwa kwa kulinganisha waandishi wawili wa fungu lilo hilo la riwaya pendwa. Elvis Musiba, katika Kufa na Kupona (1974) na riwaya zilizoifuata, alimuumba Willy Gamba, jasusi anayepambana na maadui wa harakati za ukombozi wa kusini mwa Afrika. Katika miaka ile lilikuwa ni suala kubwa kuliko yote yaliyoikabili nchi ya mwandishi huyo. Abdulla, kwa upande wake, hushughulika na mauaji ya mtu mmoja, urithi wa ukoo mmoja, au nasaba ya mtoto mmoja. Kama uzito wa maudhui ungetosha kuwa kipimo, basi Musiba angemshinda Abdulla bila ya ubishi.

Usomaji hauthibitishi hivyo. Kasi ya Musiba haina shaka, na si kila mwandishi anaiweza. Lakini mapambano ya ukombozi katika riwaya zake aghalabu ni pazia tu lililotundikwa nyuma ya jukwaa. Mbele yake hupita bastola, pombe, magari na wanawake warembo, mambo ambayo msomaji wa Ian Fleming ameyazoea. Adui angebadilishwa akawa magendo ya dhahabu, msuko ungebaki karibu vile vile. Maudhui mazito yamewekwa juu ya kisa, hayakuota ndani yake.

Kwa Abdulla mambo ni kinyume. Ni kweli kwamba naye ameazima: Bwana Msa na sahibu yake Najum wanawakumbusha wengi Sherlock Holmes na Daktari Watson wa Arthur Conan Doyle. Lakini alichoazima amekihamishia Unguja, kikatia mizizi. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, maiti inapatikana mahali ambapo watu wanapaogopa, na hofu hiyo ndiyo inayomfaa muuaji, kwani penye mzimu hapatafutwi mkono wa binadamu. Katika Kisima cha Giningi (1968) jina lenyewe la kitabu linaibua imani za Waunguja kuhusu wachawi na mikutano yao. Bwana Msa hafichui mhalifu kwa mbio wala kwa risasi. Anasikiliza, anapima neno lililosemwa na neno lililonyamaziwa, anajua nani ni jamaa ya nani, nani ameoa wapi, na ni aibu gani ambayo ukoo ungependa ifukiwe. Fumbo haliwezi kutatuliwa ila na mtu anayeijua jamii hiyo, na msomaji anayelifuata hulazimika kuijua pia. Hapa furaha ya kusoma na maarifa ya jamii ni kitu kimoja. Mgongano wa imani na akili haukuhubiriwa mahali popote, na hata hivyo msomaji huondoka akiwa ameushuhudia.

Lugha nayo inatoa ushahidi. Abdulla alikuwa mtu wa magazeti, na kuanzia mwaka 1958 hadi 1968 alikuwa mhariri wa Mkulima. Mazungumzo ya wahusika wake yana utani, kejeli na mizunguko ya maneno ya Unguja, na aghalabu mzunguko huo wa maneno ndio unaobeba dalili ambayo mpelelezi ataishika baadaye. Lugha kama hiyo haiwezi kuitwa pambo.

Haifai, hata hivyo, kumsifu kupita kiasi. Visa vyake vinategemea mno sadfa: watoto waliopotezana na wazazi, ndoa zisizojulikana, watu waliokutana mahali ambapo hawakutarajiwa. Wakulima na watumishi wamo, lakini mara nyingi wamesimama pembeni kama mashahidi tu, ilhali mali na nasaba za wenye mashamba ndizo zinazoshughulisha kisa. Hata baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, riwaya zake zinaendelea kukaa zaidi katika Unguja iliyotangulia tukio hilo. Bwana Msa hurudisha utulivu, lakini haulizi kama utulivu huo ulikuwa wa haki. Hizi ni dosari za kweli, lakini sababu yake si kwamba Abdulla anafurahisha. Upeo wa macho yake ndio uliokuwa na mipaka, na mwandishi mzito naye aweza kuwa na mipaka hiyo hiyo.

Kutokana na ulinganisho huu chaweza kupendekezwa kipimo kingine. Hadithi ya upelelezi hujipima yenyewe kwa namna ambayo aina nyingine haziwezi, kwa kuwa siri yake hufichuka mara moja tu. Baada ya muuaji kujulikana, ni nini kinachobaki kwa msomaji anayekirudia kitabu? Katika kazi dhaifu habaki na kitu, kwani hamu ilikuwa ndiyo mtaji wote. Katika kazi bora hubaki sauti za watu, mantiki ya maisha yao, na ustadi wa mwandishi wa kuificha dalili mahali pa wazi. Kipimo hiki kinaweza kutumiwa pia kwa riwaya ya mapenzi, ya ujasusi, na hata kwa riwaya ya falsafa. Maana ziko riwaya za mafundisho ambazo, fundisho likishajulikana, hazirudiwi na mtu ila mtahiniwa.

Mipaka ya mafungu yale mawili pia imekuwa ikihama. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1971 ilishutumiwa kwa uchafu na ikazuiwa katika shule za Tanzania. Baadaye ikaingia darasani kama mojawapo ya riwaya muhimu za Kiswahili. Maneno ya kitabu hayakubadilika. Kilichobadilika ni usomaji. Mwaka 1976 Tanzania ilipiga marufuku pia vitabu vya David Maillu, mwandishi wa Kenya, na hapa haidaiwi kwamba kila kilichopigwa marufuku ni bora. Linalodaiwa ni kwamba marufuku si uhakiki, na kadhalika dharau si uhakiki. Anayekikataa kitabu anawajibika kuonyesha, kwa ushahidi wa kitabu chenyewe, ni wapi kilipoanguka.

Suala hili haliishii katika nadharia. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa nchini Kenya mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa, na idadi ya vijana wanaofungua riwaya ya Kiswahili ikaongezeka sana. Lakini kijana anayesoma kwa sababu ya mtihani tu hukifunga kitabu siku ya mtihani, na lugha isiyo na wasomaji wa hiari haiwezi kuwa na waandishi wa kudumu. Wasomaji wa hiari waliopatikana katika miaka ya 1960 na 1970 walipatikana kwa sehemu kubwa kwa vitabu kama vya Abdulla, na kama Simu ya Kifo (1965) ya Faraji Katalambulla. Idara za lugha, ambazo ndizo zinazowafunza walimu, zikiendelea kuviacha vitabu hivyo mlangoni, zitakuwa zimewaachia wachapishaji na soko kazi ya kuamua kipi ni kizuri.

Inafaa basi riwaya pendwa isomwe darasani kwa zana zile zile zinazotumiwa kwa Kusadikika: fani, maudhui, lugha, wahusika na msimamo wa mwandishi. Nyingi zitaanguka, na sababu zake zitajulikana. Chache zitasimama, na Mzimu wa Watu wa Kale, pamoja na dosari zake, ni mojawapo ya hizo.