Fundi wa Pete Bapa

Kwenye pampu inayolisha boila, pale shafti inapotokeza nje, hukaa pete mbili zilizobanwa uso kwa uso. Moja huzunguka na shafti, mara nyingi ni ya kaboni. Nyingine imetulia, pengine ya silikoni kabaidi. Hiyo ndiyo sili. Kati ya nyuso hizo hupita utando wa maji wa mikroni moja hivi. Utando ukinenepa, pampu inavuja. Ukikauka, pete zinaungua.

Anayezisawazisha nyuso hizo, kumwita msugua vyuma ni kumvunjia heshima. Huisaga pete kwa mzunguko juu ya bamba lenye unga wa almasi, akaiosha, kisha akaiacha ipoe. Hapo kwenye kupoa ndipo wenye haraka huumbuka, maana pete vuguvugu hutoa kipimo cha uongo. Ikishapoa, hulaza kioo bapa juu yake na kuitazama chini ya taa ya heliamu. Mistari myeusi hujitokeza. Ikinyooka na kuachana sawasawa, kazi imekubali. Ikipinda, kila upana wa mstari mmoja ni takriban mikroni 0.3 za mbonyeo au mwinuko, na sili nyingi huruhusiwa mistari miwili au mitatu tu.

Kisha pampu inawashwa.

Upande unaosuguana hupata moto kuliko mgongo wa pete, ukatanuka zaidi, na pete ikajikunja kama sinia lililosahauliwa jikoni. Mara nyingi nyuso hubaki zimegusana kwa ndani, zikaachana kwa nje. Shinikizo la maji, likitokea nje ya pete, huzipindisha kinyume. Msanifu hodari huziacha nguvu hizo mbili zipunguzane. Chuma cha pua kilichoishika pete nacho hutanuka mara nne hivi kuliko silikoni kabaidi, kwa hiyo mshiko hulegea.

Maji yenyewe si ya kutegemea. Yakipita nyuzi 80 hayalainishi vizuri. Yakikaribia kuchemka hugeuka mvuke katikati ya nyuso, na sili huanza kukohoa, pu, pu, sauti ambayo fundi wa zamu hahitaji kuelezwa.

Ndiyo maana hufungwa kipozeo kidogo: maji machache ya chumba cha sili hutolewa, yakapozwa, yakarudishwa humo humo, huku maji ya boila yakiendelea na moto wake. Wageni wa kiwandani hukisifu kipozeo kwa kuwa kinaonekana. Pete iliyopimwa ingali vuguvugu hakiiokoi. Hiyo huvuja hata kwenye maji baridi.